Ngamia Aliyevua Manyoya

Katika jangwa lisilo na mti aliishi Ngamia jike mwenye manyoya mazito, tangu shingoni hadi mgongoni. Rafiki yake alikuwa Punda, ambaye hakukosa la kusema juu ya jambo lolote.

"Dada, jua lote hili nawe umejifunika blanketi?" Punda akamwambia siku moja. "Mimi nikikutazama tu, natokwa jasho."

Ngamia hakuwa amewahi kulalamikia joto, lakini maneno yale yalimtia aibu. Jioni akaenda kwenye miamba, akajisugua mpaka manyoya yote yakapukutika.

Kesho yake wakashika njia ya kisimani. Kabla ya adhuhuri mgongo wa Ngamia ulikuwa unawaka moto. Jasho likamtiririka, na maji ambayo humtosha siku nyingi yakamwishia mwilini. Mwishowe akapiga magoti mchangani.

"Simama, dada," Punda akasema kwa wasiwasi. "Njia unaijua wewe peke yako."

"Siwezi. Lile blanketi ndilo lililokuwa likinikinga na jua."

"Basi mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," Ngamia akajibu. "Wala mimi sikujiuliza."

Wakalala pale hadi jua lilipotua, kisha wakajikokota mpaka kisimani, wakafika hoi. Manyoya yalichukua miezi kuota. Muda wote huo Ngamia hakusafiri mchana, na Punda akawa anangoja kando yake, amefumba mdomo.