Siku ya Kubadilisha Nadharia

Katika mji alimoishi Rukaiya, kila nyumba huishi kwa nadharia moja ya sarufi, na visikizi vilivyopandikizwa masikioni hupitisha tu sentensi zinazokubaliwa na nadharia hiyo. Nyingine zote hugeuka kimya. Tangu aolewe, Rukaiya aliishi na Sarufi ya Vijenzi ya mumewe, inayoipanga sentensi kama masanduku ndani ya masanduku. Mama yake, Bi Mize, huyatawanya maneno apendavyo. Kwa hiyo Rukaiya hajamsikia mama yake kwa miaka.

Leo ilifika ruhusa, itolewayo mara moja tu kwa kila ndoa, ya kuhamia Sarufi ya Utegemezi, inayotazama tu neno lipi limelishika lipi, isiyoyatambua masanduku. Rukaiya alihangaika mpaka ubwabwa ukaungua.

"Taratibu, bibi harusi," mumewe, Hamadi, alimcheka. "Unaolewa na nani leo?"

"Na mama! Hebu bonyeza!"

Hamadi alibonyeza kitufe ukutani. Bi Mize, mkekani pake, akafungua kinywa.

"Ubwabwa, mwanangu, huo umeuunguza tena wewe!"

Rukaiya alipiga kigelegele, akamrukia mama yake shingoni, akilia na kucheka kwa pamoja. "Nigombeze tena, mama! Tena!" Bi Mize hakumnyima.

"Umemsikia mkweo?" Rukaiya alimgeukia Hamadi, machozi yakimtiririka.

Hamadi alitabasamu. Midomo yake ilicheza, ikatulia, ikacheza tena, bila sauti. Rukaiya akaligusa sikio lake mwenyewe taratibu, akaendelea kutabasamu, akimsubiri amalize.