Kanga Ashuka na Tawi la Mamba

Hii ni habari ya Kanga, aliyechoka kutaga mayai ya kumnenepesha Kenge. Kila alipolalamika, Kenge alimcheka. "Utanifanya nini? Mamba ni ndugu yangu." Na kwa kuwa mto ulikuwa wa Mamba, hakuna aliyefungua mdomo.

Siku moja Kanga akapandwa na hasira. "Basi twende kwa Mamba, ukoo wako uchorwe!"

Kenge akakubali kwa mbwembwe. Mbele ya Mamba, Nungunungu, mjuzi wa nasaba, akachomoa mwiba mgongoni akachora topeni mti wa vizazi. Kwenye ncha za matawi akaandika watatu kwa safu: Kanga, Mamba, Kenge.

"Mnaona?" Kenge akatamba. "Mimi na ndugu yangu bega kwa bega!"

"Hata mimi niko begani kwake," akasema Kanga. "Undugu hausomwi kwenye ncha. Shuka na tawi: la kwanza kuungana nalo ndilo la ndugu wa karibu."

Akaweka ukucha kwenye tawi la Mamba, akashuka nalo taratibu. Tawi la kwanza kuungana nalo lilikuwa la Kanga mwenyewe. La Kenge lilikuja kuungana nayo chini kabisa, karibu na shina.

Mamba akatazama, akatazama tena. "Kumbe Kanga ni dada yangu!" akanguruma. "Kenge, umekula wapwa wangu wangapi?"

Kenge hakungoja kuhesabu. Akauparamia mgunga uliokuwa karibu, miiba na yote, mpaka tawi la mwisho.

Kanga akapiga vigelegele mto mzima ukasikia. "Kaa hapo hapo, bwana! Tawi lako ndilo hilo!"