Mafundi Watatu wa Aidarus

Aidarus alisogeza kiti cha katikati nyuma kidogo, akakitazama, kisha akakirudisha. Hakutaka fundi yeyote aone kwamba mwenzake ametangulizwa. Mezani palikuwa na visahani vitatu vya halwa, ovaroli tatu mpya na mikataba mitatu ya kazi. Alichohofia ni mafundi kugombana kabla kampuni haijamaliza hata siku moja.

Miaka yote alikuwa muuza mabomba wa mtaa wa Ndia Kuu. Mwaka huo wa tisini na sita, tajiri mmoja mwenye jumba jipya la ghorofa tatu kule Mbaraki alitafuta kampuni moja ya kumfanyia mabomba, nyaya za stima na rangi. Sharti lilikuwa moja: Jumatatu saa mbili asubuhi mafundi watatu waanze pamoja, kila mmoja na ghorofa yake. Wakipungua, kazi angepewa mwingine. Aidarus hakuwa na kampuni, ila tamaa alikuwa nayo ya kutosha kampuni mbili. Akauza Peugeot aliyoachiwa na babake, akanunua karakana tatu kwa wiki moja.

Kwa Huzaifa, mtaa wa pili kutoka dukani kwake, alinunua karakana ya mabomba pamoja na fundi wake, Kenga. Siku hiyo Kenga hakuwapo.

"Ungekuja Jumatano ungemkuta," Huzaifa alimwambia.

Kule Makadara, Bi Mwanabaraka alimuuzia karakana ya stima na fundi aitwaye Sammy. Naye hakuwapo. "Sammy wangu yuwatakwa na mji mzima," bibi alisema kwa fahari. Na huko Mbaraki, Mzee Kombe alimwachia karakana ya rangi na fundi Kalama, ambaye alikuwa ametoka punde tu.

"Umewaona kwa macho yako?" mkewe, Yumna, alimuuliza.

"Nimeziona kazi zao. Mabomba hayavuji, nyaya zimenyooka, kuta kama yai."

"Nimekuuliza watu, wewe wanijibu kuta. Mwenda pole hajikwai, mume wangu."

"Mwenda pole hukuta kazi imeshachukuliwa."

Yumna alicheka, akaenda kukata halwa. Moyoni alikuwa na wasiwasi, maana Peugeot ile ndiyo iliyompeleka kwao kila Ijumaa.

Jumapili hiyo, baada ya alasiri, hodi ilipigwa. Akaingia mtu mwembamba, begi la zana lenye madoa ya rangi limemwinamisha bega.

"Karibu, karibu. Wewe ndiwe Kalama wa rangi?"

"Naam, bwana."

Aidarus alimpa kiti cha katikati, kisha akajuta, akamhamisha cha pembeni.

"Tuwangoje Kenga na Sammy. Lakini nina ombi, fundi. Wakija, msishindane. Umoja ni nguvu."

"Hatujawahi kushindana."

"Kumbe mwajuana?"

"Tangu kuzaliwa."

Aidarus alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Mafundi waliokua pamoja. Bahati gani hii? Akamweleza habari za jumba, ghorofa zake tatu na saa mbili ya kesho. Fundi alisikiliza kwa adabu, akala halwa yake yote, akatazama vile visahani viwili vilivyobaki.

Nusu saa ikapita. Hapakuja mtu.

"Hawa wenzako wana tabia ya kuchelewa?"

"Hapana, bwana. Wakiitwa, huja."

"Basi tusipoteze wakati. Wewe tia sahihi yako, wao watakuja kutia zao."

Fundi akafuta vidole, akachukua kalamu, na kwa mwandiko safi wa mtu aliyesomea misheni akaandika jina lake lote: Sammy Kalama Kenga.

Kisha akauvuta mkataba wa pili.