Wanaoingia, Wanaotoka

Kwenye dirisha la vibali langoni mwa hifadhi, Tunu alimsomea Mzee Kisanji somo la wageni wa mtoni, neno kwa neno, kama kanuni inavyotaka: mtumbwi ukipinduka ung'ang'anie, usijaribu kuogelea, chochote unachoingia nacho porini, utoke nacho. Mzee alisikiliza, kofia yake mapajani.

"Una swali, baba?"

"Sina. Hata mwanangu Shabo najua ulimfundisha hivihivi."

Tunu akainamia meza. Siku ya Shabo foleni ilifika nje na kijana mwenyewe alikuwa na haraka. Tunu alimgongea kibali muhuri bila kumsomea somo. Mtumbwi uliokotwa siku ya nne, umepinduka. Shabo hajaonekana hadi leo.

Mzee alijaza fomu taratibu, akaisogeza mbele ya Tunu. Penye wanaoingia ameandika mmoja. Penye wanaotoka, wawili.

"Baba, idadi hizi lazima zilingane. Bila hivyo sitaweza kukupa kibali."

"Basi nifundishe, mwanangu." Mzee akaichukua tena kalamu. "Nibadilishe ipi?"

Tunu alikuwa ameshauinua muhuri. Alibaki nao hewani, juu ya karatasi, wino ukikauka.