Kivuli Kisichotosha Mkeka

Kwetu Lushoto binti haolewi mpaka kivuli cha mwaloni aliopandiwa siku ya kuzaliwa kifunike mkeka wote wa harusi. Wangu umedumaa. Mwaka huu tena mkeka ulitandikwa adhuhuri, na ukingo ukabaki juani.

"Labda ni mkeka unaokua," alitania shangazi Mwanahawa.

Sikucheka. Mchumba wangu alikuwa ameshaanza kuaga.

Tulimwita bwana miti, mtaalamu wa misitu; alifukua shina, akabandua gome. Ndani mlikuwa na utando mweupe unaonuka uyoga.

"Kuvu imekula mizizi," alisema. "Nani anamwaga maji hapa?"

"Ni ya udhu, bwana," mama alimjibu kwa upole. "Kila swala natawadhia hapa, nikimwombea mwanangu kivuli."

"Ndiyo yanayoilisha kuvu, mama. Inapenda udongo wenye maji."

Nilitaka kufoka, lakini ningemkemea vipi mtu kwa kuniombea?

Adhana ikasikika. Mama alishika birika, akasimama katikati ya ua asijue pa kwenda. Nikampelekea beseni. Alitawadha humo polepole, akafuta uso, kisha akaliinua beseni kwa mikono miwili na kuuendea mwaloni.