Mimba ya Pili ya Moraa

Moraa alikataa soda. Alikataa dawa ya kikohozi, akakataa hata maziwa ya mgando ya jirani, kwa kuwa hakujua yamelala siku ngapi. Mimba ilikuwa ya miezi sita, na kila kikombe kilimtia hofu.

Wala si woga wa bure. Nyangi, binti yake wa kwanza, alikuwa na miaka saba na bado alichofundishwa jioni hakikufika asubuhi. Kichwa kidogo, macho madogo, mdomo wa juu mwembamba, na chini ya pua ngozi laini tupu, bila ule mfereji walio nao watu wengine. Ukimtuma maji, alifika mtoni akasahau ndoo ni ya nini, akakaa hapo akicheka na wapita njia. Lakini upendo alikuwa nao tele, maskini. Hakulala mpaka ashike sikio la mama yake.

Mimba hii ilipokuwa changa, kabla mvua za El Niño hazijaharibu barabara, walimpeleka Nyangi Homa Bay kwa daktari mgeni. Daktari alimtazama usoni kwa muda, akampima kichwa kwa utepe, kisha akawaeleza wazazi polepole. Ubongo wa mtoto huyu uliumia akiwa bado tumboni. Haukukua ulivyopaswa, na huenda hata ile sehemu inayounganisha upande wa kulia na wa kushoto haikujengeka vizuri. Dawa yake hakuna.

"Mama, ulikuwa ukinywa chang'aa ukiwa na mimba yake? Au bia?"

"Mimi ni Msabato, daktari. Pombe sijawahi kuonja."

"Ni pombe hufanya hivi," alisema, bila kumwangalia. "Hiyo mimba uliyo nayo sasa, tafadhali ichunge."

Walipofika nyumbani, Ntimaru, Magige, mumewe, alimgeukia. "Nikiwa Masara nachimba dhahabu, wewe ulikuwa unakunywa kwa nani? Huyu wa pili akizaliwa hivi, utarudi kwenu. Na Nyangi atabaki."

Ng'ombe wa mahari walikuwa wamelipwa, na mtoto ni wa boma. Moraa alijua hatishwi tu. Usiku huo alilia huku Nyangi amemshika sikio.

Aliyemtetea ni Bhoke, mama mkwe wake. Alisimama katikati ya uwanja akamkabili mwanawe. "Chang'aa, huyu? Mimba yote ile nilimlisha kwa mkono wangu. Ukimfukuza, unifukuze na mimi." Machozi yakamtoka, na Bhoke si mwanamke wa kulia ovyo.

Alimpenda huyo msichana wa Migori mjini kuliko hata mabinti zake wa kuzaa. Tangu Moraa aolewe, Bhoke hakuweka kamwe mbele yake ile pombe ya majirani wanaokuja kusaidia kulima. Dini ya mkwe ni ya kuheshimiwa, alisema.

Basi Moraa akaamua kwamba hatatia mdomoni ila kile kilichotoka kwa Mama. Dunia nzima ingeweza kumdanganya, si Bhoke.

Na kila asubuhi Bhoke alikuja na kibuyu chake cha uji wa wimbi, mchachu, wenye asali, ule ule wa wakati wa Nyangi. Moraa aliunywa wote. Mashavu yakapata joto, na hofu ikamlegea kidogo.

"Mama, bila wewe ningekuwa wapi?"

"Kunywa, mwanangu. Mjukuu wangu anataka nguvu."

Bhoke akarudi nyumbani kwake na kibuyu kitupu, akafunga mlango. Nyuma ya kitanda alifunua mtungi, akapuliza povu pembeni, akachota busaa, ile pombe ya wimbi. Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake mwenyewe: chang'aa ni ya walevi, lakini hii ya wimbi ni chakula cha mwenye mimba, inampa mtoto damu. Akaikoroga kwenye uji wa jioni, akazidisha asali. Kwa mimba ya Nyangi alikuwa akitoa kibuyu kimoja kwa siku. Safari hii, kwa jinsi alivyoogopa, alikuwa akitoa viwili.