Kengele ya Nyayoni

"Sheria inataka kengele," alisema Bwana Mkwizu, afisa wa michezo, akiukagua ulingo wa mbao uliojengwa katikati ya bwalo la shule ya viziwi. "Bondia asiyesikia mwisho wa raundi ataendelea kupiga, na mwenzake keshashusha mikono. Kibali sitoi, mwalimu."

Bila kibali hakuna ndondi wala mchango, na bweni la wasichana lingeikuta masika halina paa. Mwalimu Zuhura hakubembeleza.

"Kengele tunayo, bosi. Vua viatu, kisha upande."

Msichana mwenye glavu nyekundu alichezesha mikono upesi, wenzake wakaangua kicheko.

"Amesema nini huyo?"

"Anauliza kama soksi zako zina matundu."

Bwana Mkwizu alivua viatu, akavua na soksi, wasije wakamwona mwoga. Alikuwa amekuja kukataa, lakini sasa alitaka kujua. Akapanda ulingoni.

"Ziba masikio, fumba na macho," mwalimu akamwambia, kisha akainama na kuingia uvunguni, ambako ngoma kubwa ilikuwa imefungwa chini ya mbao.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Mara mbao zikatetemeka, na mtetemo ukampanda kutoka nyayoni hadi magotini, ukamfika kifuani.

Alipofumbua macho, mikono yake ilikuwa imeshatoka masikioni, imekunja ngumi chini ya kidevu. Mbele yake msichana wa glavu nyekundu alikuwa amejipanga, anamsubiri.